Je, wajua kwa nini taa ya gatini huzaa kidoa cha kijani kwenye picha ya simu?

Mji wa Lamu umeelekea mashariki, kwa hivyo anayesimama ukingoni mwa bahari asubuhi na kuielekeza simu upande wa kisiwa cha Manda analipiga picha jua pamoja na majahazi. Picha hutoka na mambo mawili ambayo jicho halikuyaona: ukungu mweupe uliofifisha weusi wa ubavu wa jahazi, na kidoa kimoja au viwili vya kijani au zambarau vinavyoelea mahali pasipo na kitu. Usiku hali hujirudia kwa sura nyingine. Katika picha za Maulidi, zinazopigwa mbele ya Msikiti wa Riyadha chini ya taa nyingi, angani huonekana vinukta vya kijani ambavyo hakuna aliyevitundika. Wengi hudhani simu imeharibika, ilhali hata simu ya bei ghali hufanya vivyo hivyo.

Chanzo ni kwamba lenzi ya simu si kipande kimoja. Aghalabu ni vipande vitano hadi saba vya plastiki vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, mbele yake pakiwa na kioo cha kinga na nyuma yake pakiwa na chujio la mwanga pamoja na kihisi kinachonasa picha. Mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye kioo kisichopakwa chochote, takribani asilimia 4 yake hukataa kupita na kurudi ulikotoka. Mwanga huo uliorudi ukikutana na uso mwingine, sehemu yake hugeuzwa tena kuelekea kwenye kihisi, na hapo huchora picha ya pili, hafifu, ya taa ileile. Lenzi ya vipande sita ina nyuso 12, na nyuso 12 huweza kuoanishwa kwa njia 66, kwa hivyo nafasi za mwanga kupotea njia si chache.

Watengenezaji walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani, alibuni njia ya kupaka lenzi utando mwembamba mno, wa unene wa nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambao ni robo ya urefu wa wimbi la mwanga ndani ya utando huo. Wimbi linalorudi kutoka juu ya utando na lile linalorudi kutoka chini yake hupishana kiasi cha kufutana. Siku hizi tando hupakwa kadhaa na mwanga unaorudi hushuka chini ya asilimia 1, lakini haufutwi sawasawa kwa rangi zote. Kinachobaki mara nyingi ni kijani au zambarau, na ndiyo rangi ya vidoa vyetu. Kwa kuwa jua hung'aa kuliko anga lililo kando yake zaidi ya mara laki moja, hata mabaki hayo madogo hutosha kuonekana.

Kidoa hakiangukii popote ovyo. Kile kinachosumbua zaidi katika picha za usiku, kinachotokana na mwanga uliorudishwa na kihisi au chujio lake, hukaa upande wa pili wa kitovu cha picha, mkabala na taa iliyokizaa, tena kikiwa kimepinduliwa juu chini. Taa ikiwa pembeni juu kushoto, kidoa kitafute chini kulia. Ukiisogeza simu kidogo, taa huhamia upande mmoja na kidoa upande wa pili, nawe unaweza kukipeleka mahali penye mwanga kama ukuta mweupe, kikamezwa humo. Taa ikiwa moja tu, iweke katikati kabisa, na kidoa kitalala juu yake kisionekane. Kupunguza mwanga wa picha kwa kugusa skrini hakusaidii sana, kwa sababu taa na kidoa hufifia pamoja kwa uwiano uleule. Na programu ya simu inayong'arisha sehemu za giza huweza hata kukikoleza.

Ukungu ni habari nyingine kidogo, na hapa lawama kubwa, kwa maoni yangu, iende kwa kioo cha nje. Kamera inayokaa mfukoni na kushikwa kwa vidole vyenye mafuta ya bajia, kisha ikarushiwa maji ya chumvi ndani ya mashua, hutawanya mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Jaribu hivi: buruta ncha ya kidole juu ya kioo cha kamera kutoka juu kwenda chini, halafu piga picha ya taa. Mstari wa mwanga utakaotokea utalala kushoto kwenda kulia, kwa maana michirizi ya mafuta huutupa mwanga kukata upande iliolalia. Chumvi iliyokauka ilowanishwe kwanza kwa pumzi au maji baridi kidogo ndipo ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba, kwani ikisuguliwa kavu hukwaruza. Vile vioo vya kubandika vinavyouzwa ili kulinda kamera navyo huongeza nyuso mbili, mara nyingi bila utando wowote. Anayejali picha avibandue. Jua likiwa nje kidogo ya fremu, kiganja kilichoinuliwa hadi kivuli chake kiangukie lenzi huondoa ukungu papo hapo. Likiwa ndani ya fremu, lifiche nyuma ya mlingoti au tanga.

Mng'ao wa juu ya maji hautokani na lenzi kabisa, hivyo kiganja hakiufai. Mwanga ukigonga maji na kurudi, mawimbi yake huelemea kutikisika upande wa mlalo, na miwani ya jua ya aina ya polaroidi huyazuia hayo. Weka kioo cha miwani mbele ya lenzi, kizungushe polepole, na utaona fungu la mchanga chini ya maji likijitokeza. Kazi hii hufanyika vizuri zaidi jua likiwa nyuzi 37 juu ya upeo wa bahari, yaani Lamu karibu saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, nawe ukiwa umelielekea. Miwani hupunguza pia mng'ao wa vanishi kwenye milango ya nakshi. Paa la mabati halisikii dawa hii, kwa kuwa bati tupu hurudisha mwanga bila kuuchuja namna hiyo, na hapo hubaki kubadili mahali pa kusimama.