Karatasi za magazeti: jinsi ya kulinganisha uagizaji wa Kenya na Tanzania

Takwimu za biashara ya nje zikitolewa, huzuka hoja ileile: Kenya imetumia fedha nyingi kuliko Tanzania kuagiza karatasi za magazeti, basi Watanzania hawasomi. Tunaamini wanaoitoa wana nia njema. Hata hivyo, hoja hiyo haisimami.

Kwanza, msilinganishe fedha. Thamani inayoandikwa forodhani hujumlisha bei ya mzigo, bima na nauli ya meli. Mwaka 2021 na 2022 bei ya karatasi na nauli za makontena zilipaa duniani kote, hivyo mchapaji aliyeleta roli chache za karatasi aliweza kuonekana ameagiza "zaidi". Linganisheni tani.

Pili, kontena kushushwa Mombasa hakulifanyi kuwa la Kenya. Shehena ya Uganda inayopita huko huhesabiwa Uganda, kama ya Rwanda inayopita Dar es Salaam inavyohesabiwa Rwanda. Lakini mfanyabiashara wa Nairobi akiagiza karatasi kisha akaziuza Tanzania, roli hizohizo huonekana kwenye uagizaji wa nchi zote mbili. Ni lazima mauzo hayo yaondolewe kwenye hesabu ya Kenya. Na gazeti lililochapwa Nairobi likiuzwa Arusha huvuka mpaka kama gazeti, kichwa 49.02 (kichwa ni namba ya kundi la bidhaa forodhani), wala haligusi hesabu ya karatasi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mwaka. Kichwa 48.01, cha karatasi za magazeti, hupokea karatasi isiyopakwa tabaka juu, ya gramu 40 hadi 65 kwa mita ya mraba, ambayo angalau nusu ya uzito wa nyuzi zake ni za mbao zilizosagwa kwa mashine, au kwa mashine pamoja na kemikali. Katika toleo la 2012 la HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa forodhani, roli ilitakiwa kuzidi upana wa sentimita 36. Toleo la 2017 likashusha kipimo hicho hadi sentimita 28. Roli ya sentimita 30 iliyokuwa nje ikaingia ndani bila mtu yeyote kuongeza oda. Mchoro unaounganisha 2010 na 2020 bila kutaja badiliko hilo unapotosha, hata tarakimu zake zikiwa sahihi.

Takwimu za biashara ya nje hutokana na matamko ya waagizaji na mawakala wao. Anayetamka karatasi ya vitabu kuwa ya magazeti huharibu hesabu ya nchi, na pia anatenda kosa. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinaweka kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 kwa tamko la uongo. Ankara, hati ya mizigo na vipimo vya kiwandani vitunzwe, kwa kuwa ofisa anaweza kuvidai ndani ya miaka 5 tangu mzigo uingie. Mwenye shaka kuhusu kichwa cha mzigo wake aombe uamuzi wa forodha kwa maandishi, akiambatanisha sampuli, kabla meli haijafika.

Watafiti na waandishi wanaoomba takwimu wataje haya: kichwa 48.01, uzito halisi kwa tani, nchi ya asili, uagizaji na mauzo ya nje tena (bidhaa zilizoagizwa kisha zikauzwa nchi nyingine) katika safu tofauti, na toleo la HS kwa kila mwaka. Ombi linalosema tu "karatasi za magazeti, miaka yote" litarudishwa lijazwe upya.