Bega Lisilouma Bado Halijapona: Maelezo kwa Wazazi na Makocha wa Tenisi

Kila shule zinapokaribia kufungwa, simu za kitengo chetu cha tiba ya michezo huanza kuita kwa jambo moja. Mzazi ana mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa bega, mashindano ya vijana yamekaribia, mtoto halalamiki tena na kocha anasema mkono umerudi. Swali linalofuata ni lile lile: mbona hamumruhusu acheze? Mwaka huu malalamiko yamezidi. Wapo waliokwenda hadi kwa wakubwa wetu kueleza kwamba tunawachelewesha watoto kwa makusudi. Najua wanaolalamika wanawapenda watoto wao, kwa hiyo naomba niwajibu wote mahali pamoja.

Maumivu huondoka mapema, tena mapema mno. Daktari akishaishona labramu, yaani ule ukingo wa gegedu unaozunguka bakuli la bega, au akishairudisha kano iliyochanika kwenye mfupa, wagonjwa wengi huanza kulala vizuri na kuvaa shati bila shida ndani ya wiki chache. Lakini kano kushikana na mfupa ni kazi ya takriban wiki 12, na hapo imeshika tu. Uzi wa daktari haukuwekwa ili ubebe mashindano. Umewekwa ili ushikilie mahali pake mpaka mwili umalize kazi yake. Anayerudi uwanjani katika wiki ya 10 kwa sababu hasikii kitu anategemea uzi.

Nitawaeleza kuhusu msichana mmoja wa miaka 16. Yeye na wazazi wake wameniruhusu, ila jina tumeliacha. Bega lake la kulia lilishonwa labramu, mkono ukaning'inizwa kifuani kwa wiki 5. Wiki ya 9 alichana nywele zake mwenyewe kwa mkono ule ule, na mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, akafuta machozi. Ilikuwa furaha ya kweli, nami niliifurahia. Jioni hiyo hiyo baba yake alipiga simu kuuliza kama anunue nyuzi mpya za raketi.

Wiki ya 13 nilimlaza kifudifudi, mkono ukining'inia nje ya kitanda, nikampa chupa ya maji ya nusu lita na kumwomba auinue mkono kwa upande hadi ulingane na mgongo. Aliinua mara 6 safi. Mara ya 7 kombe la bega lilianza kutetemeka, kisha likajitokeza mgongoni kama bawa la kuku. Hakusikia maumivu yoyote. Aliniuliza hata kwa nini nimemsimamisha. Nilimwita baba yake asogee atazame kwa macho yake, kwa sababu maneno yangu ya simu yalikuwa hayajamwingia. Chupa ya nusu lita, mara 7, na misuli ya kulishikilia kombe imekwisha. Mechi moja ya vijana inaweza kudai servi, yaani mapigo ya kuanzisha mchezo, mia moja na zaidi.

Na servi si pigo la kawaida. Mkono hurudi nyuma ya kichwa mpaka mwisho wa mzunguko wake, kisha hugeuka mbele kwa kasi inayopita nyuzi 1,000 za pembe kwa sekunde. Baada ya mpira kuondoka, misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayolazimika kuufunga breki mkono huo. Wengi wanadhani bega huumia wakati wa kupiga. Mara nyingi huumia wakati wa kusimama. Jambo jingine ambalo makocha wanalijua lakini hawalitumii: zaidi ya nusu ya nguvu ya servi hutoka miguuni, nyongani na kiunoni. Mtoto aliyekaa miezi 3 bila kukimbia hurudi na miguu legevu, na deni la miguu hulipwa na bega. Ndiyo maana mgonjwa wangu alianza kuchuchumaa na kusimama kwa mguu mmoja akiwa bado mkono umefungwa kifuani. Jirani yao alimwambia mama kwamba tunapoteza wakati kwa kutibu mguu usio na tatizo.

Kwa wanaotaka mfano mkubwa, upo wa Maria Sharapova, mchezaji wa tenisi wa Urusi. Januari 2008 alitwaa ubingwa wa Australia akiwa na miaka 20. Mwaka huo huo bega lake la kulia likamshinda, picha ikaonyesha kano iliyochanika, na Oktoba akafanyiwa upasuaji. Mechi ya mchezaji mmoja mmoja hakuirudia mpaka Mei 2009, pale Warsaw, akiwa ameporomoka hadi nafasi ya 126 duniani. Alikuwa na pesa, madaktari na wasaidizi ambao hakuna familia ninayoihudumia inaweza kuwalipa, na bado servi haikurudi. Alijaribu kuifupisha ili kulipunguzia bega mzigo. Katika US Open ya 2009 alitolewa raundi ya tatu na Melanie Oudin, akiwa amefanya makosa maradufu 21 katika mechi moja, yaani mara 21 alikosa servi zote mbili na kupoteza pointi. Kurudi kileleni kwa orodha ya dunia kulimchukua hadi Juni 2012, alipochukua ubingwa wa Ufaransa. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 4 tangu upasuaji. Halafu mzazi ananiambia miezi 5 ni mingi.

Sasa utaratibu wetu, maana ndipo ugomvi mwingi unapozukia. Hatumrudishi mtoto kwa tarehe ya kalenda. Tunapima. Kwanza mzunguko wa bega, la kulia kwa la kushoto, kwa kipimo cha nyuzi za pembe. Pili nguvu, kwa mashine ndogo ya mkononi: misuli inayougeuza mkono nje inapaswa kuwa na angalau theluthi mbili ya nguvu ya ile inayougeuza ndani, na upande ulioshonwa ufikie asilimia 90 ya ule mzima. Tatu uchovu, ile habari ya chupa. Asipofaulu harudi nyumbani na barua, anarudi na mazoezi ya wiki 3, kisha tunapima upya. Barua ya ruhusa hutiwa saini na daktari aliyepasua pamoja na sisi. Barua ya kocha peke yake haitoshi, na tafadhali msitumie nakala ya barua ya zamani. Tumewahi kuletewa barua ambayo tarehe yake imefutwa kwa rangi nyeupe na kuandikwa upya.

Akishafaulu vipimo, huanza uwanjani na mipira ya watoto. Hapa vijana hulia. Mpira mwekundu huenda polepole kwa asilimia 75 kuliko ule wa njano wa kawaida, wa chungwa asilimia 50, wa kijani 25. Tunaanza na mwekundu, karibu na wavu, kwa fohendi na bekihendi tu, yaani mapigo ya upande wa kiganja na ya upande wa nyuma ya mkono, siku moja acheze na siku inayofuata apumzike. Msichana wangu, aliyekuwa ameshachezea timu ya shule yake, alisimama kwenye kiwanja kidogo pamoja na watoto wa miaka 8 akiupiga mpira mwekundu. Wiki ya kwanza alivaa kofia na kuishusha hadi machoni. Nilimwelewa kabisa. Mpira mzito unaogongwa nje ya katikati ya raketi hupeleka mtikisiko moja kwa moja begani, na kijana anayerudi hugonga nje ya katikati mara nyingi kwa sababu macho na miguu vimesahau. Mpira mwepesi unamruhusu akosee bila kulipa.

Servi huja mwisho kabisa. Huanza na mwendo wa mkono bila mpira, kisha mpira wa kijani kutoka kwenye mstari wa servi, ambao ni mita 6.40 kutoka wavuni, kisha hatua kwa hatua kurudi hadi mstari wa nyuma. Idadi huandikwa daftarini: 10, siku ya mapumziko, 15, mapumziko, 20. Bega likiuma usiku ule, au likikaza hadi asubuhi, anarudi hatua moja. Wapo makocha wanaoniambia mtoto "alikuwa moto" hivyo wakamwacha apige 60. Kufanya hivyo ni kuniharibia kazi ya miezi miwili kwa alasiri moja, na nalisema bila kuzunguka kwa sababu nimeliona zaidi ya mara moja.

Kuna pia kukandwa. Sina ugomvi na wakandaji, wengine wana mikono mizuri kwa misuli iliyochoka. Lakini bega lililoshonwa halinyooshwi kwa nguvu, halivutwi mpaka lilie, wala halikandwi kwa maji ya moto juu ya kidonda kibichi. Aliyeshona ndiye anayejua nyuzi ziko wapi.

Nimeacha dawa mwisho kwa sababu ndizo zinazoniogopesha kuliko yote. Familia nyingi huona habari za dawa zilizopigwa marufuku michezoni ni za wakimbiaji wa marathoni. Hapana. Kijana wa tenisi anayeshiriki mashindano ya chama chochote kinachofuata Kanuni ya Dunia ya kupinga dawa hizo anaweza kuombwa mkojo au damu, na hapa Kenya jambo hili lina sheria yake ya mwaka 2016 na shirika lake, ADAK. Mgonjwa wa bega hupita katikati ya hatari tatu. Ya kwanza ni tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wengi hupewa baada ya upasuaji: tangu tarehe 1 Januari 2024 imekatazwa wakati wa mashindano. Vidonge vilivyobaki kabatini visiguswe wiki ya mechi. Ya pili ni sindano za steroidi za kupunguza uvimbe begani. Tangu 2022 sindano hizo, popote zinapochomwa, zimekatazwa wakati wa mashindano, na mwili huhitaji siku kadhaa kuzisafisha, nyingine siku 10 au hata zaidi, kutegemea aina na mahali zilipochomwa. Mwulizeni daktari jina la dawa na mwandike tarehe. Ya tatu ni vichupa vya "kuponyesha haraka" vinavyouzwa mitandaoni, hasa peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, iitwayo BPC-157. Hiyo imekatazwa wakati wote, ndani na nje ya mashindano, na haijaidhinishwa kutibu binadamu. Nimeletewa kichupa chake na mzazi aliyekuwa na nia njema kabisa, kikiwa hakina hata lebo ya mtengenezaji.

Kama mtoto anahitaji kweli dawa iliyokatazwa, ipo njia halali: ombi la msamaha wa matumizi ya tiba. Fomu hujazwa na daktari, huambatanishwa picha za MRI, ripoti ya upasuaji na maelezo kwa nini dawa nyingine hazifai. Mchezaji wa ngazi ya taifa huipeleka ADAK. Wa ngazi ya kimataifa huipeleka kwa wasimamizi wa mpango wa kupinga dawa hizo katika tenisi duniani, ITIA. Ipelekwe angalau siku 30 kabla ya mashindano. Kamati kwa kawaida hujibu ndani ya siku 21, lakini siku hizo huhesabiwa kuanzia ombi likiwa limekamilika. Karatasi moja ikikosekana, saa haijaanza kwenda. Kila msimu napigiwa simu Alhamisi kuhusu mechi ya Jumamosi, na siwezi kusaidia.

Adhabu nazo zieleweke. Kwa dawa za kundi la tramadoli na steroidi za sindano, adhabu ya kawaida ni kufungiwa michezo miaka 2, ikifika 4 ikithibitika ilikuwa makusudi. Kukataa kutoa sampuli ni miaka 4. Aliye chini ya miaka 16, na wengi wa chini ya 18 ambao hawajawahi kucheza mashindano ya wazi ya kimataifa, yaani yasiyo ya vijana pekee, hulindwa: wakithibitisha kwamba uzembe wao haukuwa mkubwa, adhabu yao huanzia onyo na haizidi miaka 2. Lakini msipumue haraka. Mtoto anayelindwa akipatikana na dawa, uchunguzi wa watu wanaomzunguka huanza wenyewe, bila kusubiri mtu ashtaki. Kumpa mchezaji dawa iliyokatazwa ni kosa linaloanzia miaka 4, na kwa kocha au daktari aliyempa mtoto baadhi ya dawa hizo ni kufungiwa maisha. "Sikujua" haifuti kosa. Tafadhali ulizeni kabla. Kuuliza hakuna malipo wala hakuandikwi popote kama kosa.

Msichana wangu sasa yuko mwezi wa 8 tangu upasuaji. Wiki iliyopita alifika kwenye servi 25 kutoka mstari wa nyuma, kwa mpira wa njano. Ya 25 ilitua ndani, kwenye kona, kwa sauti ile ambayo kila mchezaji anaijua. Aligeuka akanitazama, mpira wa 26 ukiwa tayari mkononi, na baba yake kando ya uwanja akasimama. Nikadhani ataniomba niruhusu. Alimwita binti yake, akamwambia, "Inatosha leo, mama, andika." Binti akaupiga mpira ule chini mara mbili, akautia mfukoni, akaenda kutafuta kalamu.