Kigae cha poseleni hakilowekwi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema vigae vya sebuleni, hata vya poseleni (aina ngumu isiyonyonya maji sana), vilowekwe usiku kucha, la sivyo vitabanduka. Msiendelee kuusambaza. Ulifaa kwa kauri ya ukutani iliyobandikwa kwa saruji tupu, maana kauri hunywa maji. Ndipo watu wanapochanganya. Poseleni hunyonya maji asilimia 0.5 ya uzito wake au pungufu, hivyo maji hubaki mgongoni kama utando na gundi haishiki vizuri.

Dondoshea tone la maji mgongoni mwa kigae, subiri dakika chache: kwenye kauri huzama, kwenye poseleni hukaa juu.

Futa unga mweupe ulio mgongoni mwa kigae, paka gundi ya poseleni sakafuni kwa mwiko wa meno, kisha tabaka jembamba mgongoni. Ikishakauka, gonga kwa sarafu. Kikilia kama debe tupu, kuna uwazi chini, na miguu myembamba ya makochi ya mtindo wa miaka ya 1950 inaweza kukipasua hapo.