Gametofiti moja, kikombe kimoja: kosa linalozaa vikombe vitupu

"Gametofiti ya kangaga-mti ina viungo vya kiume na vya kike, basi moja inajitosheleza." Gametofiti ni kimea bapa chenye umbo la moyo kinachoota kutoka kwenye spora (chembe ya uzazi ya kangaga), kabla ya kangaga lenyewe. Wanaoamini hivyo huzing'oa gametofiti kwa kibanio zikiwa na milimita 3, kila moja kikombe chake, kisha miezi inapita wakiuliza mbona hakuna jani.

Ni kweli, anteridia (viungo vya kiume) na arkegonia (vya kike) hukaa upande wa chini wa moyo uleule: anteridia katikati ya virizoidi (vinyweleo vinavyofanana na mizizi), arkegonia karibu na kibonyeo cha mbele. Ila mara nyingi haziivi pamoja. Hata zikiwahiana, gametofiti ina seti moja tu ya kromosomu, kwa hiyo yai na mbegu ya kiume vyake vinafanana jeni kwa jeni. Jeni mbovu iliyofichika kwa mzazi haina tena pacha wa kuifunika, na kwa spishi nyingi kiinitete hufia humohumo.

Acha kutenganisha moja moja! Hamisha vibonge: sentimita 1 kwa upana, mioyo kadhaa pamoja, nafasi ya sentimita 2 kati yake. Usiache zisongamane kupita kiasi pia, maana hubaki ndogo na kutoa anteridia tu. Ukiweza, changanya spora za miti miwili ya spishi moja.

Mbegu za kiume huogelea. Mioyo ikifikia milimita 5 hivi, nyunyiza maji yaliyochemshwa yakapoa, mara mbili au tatu kwa wiki, mpaka utando wa maji uunganishe moyo na moyo. Kunywesha kwa chini peke yake huziweka hai, lakini mara nyingi hakuleti utando huo.

"Spora ni mbegu, ifukie." Hapana. Ni seli moja isiyo na kiinitete, na huota kwenye mwanga. Itawanye juu ya udongo uliopikwa, funika kwa kioo.

"Mbolea huharakisha." Huharakisha mwani.

"Magamba yale ni ugonjwa." Gametofiti zilizokomaa za jamii ya Cyathea (kundi la kangaga-miti) huota nywele za seli nyingi zinazofanana na magamba. Dawa ya kuvu haihusiki hapo.

"Moyo umegeuka kahawia, mmea umekufa." Tazama kwanza kama kuna jani dogo linalochomoza kwenye kibonyeo. Likiwepo na mzizi umeshika, moyo umemaliza kazi yake; usiung'oe, utang'oka na mzizi.