Je, wajua kwa nini wema umewashinda wanafalsafa kuufafanua?

Hivi ukiambiwa ueleze wema ni nini, unaanzia wapi? Wengi tunakimbilia mifano, kumsaidia aliyekwama, kusema ukweli, kutomwonea mtu, ila hiyo ni mifano tu, wema wenyewe bado hujausema.

Mwaka 1903 mwanafalsafa wa Uingereza G. E. Moore alitoa kitabu, Principia Ethica, akasema wema haufafanuliki kabisa. Sio kwamba hatuujui, tunaujua, ila ni kama rangi ya njano, asiyewahi kuiona utamwambia nini akaelewa? Afu akaleta mtihani ambao mi naona ni mkali kwelikweli. Sema wema ni raha. Haya, kuna mtu anaona raha mwenzake akidhalilishwa mbele za watu, anacheka mpaka machozi yanamtoka, raha anayo wala hatubishani, je raha hiyo ni njema? Umeona, swali linauma. Ingekuwa raha na wema ni kitu kimoja basi kuuliza hivyo ingekuwa sawa na kuuliza eti mjane kweli alifiwa. Toa raha weka faida, weka matakwa ya jamii, swali linarudi palepale.

Mwaka 1956 Peter Geach, mwanafalsafa mwingine wa Uingereza, akasema hapana, kosa ni kulifanya neno hili (kwao ni "good", linabeba wema na uzuri pamoja) kama rangi. Gari jekundu unauona wekundu wake hata hujajua kama ni gari, lakini kiroboto mkubwa ni mkubwa kwa viroboto wenzake tu. Na uzuri ndo uko hivyo, lazima kwanza ujue ni uzuri wa nini. Kisu kizuri kinakata, basi.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Anayefungua kufuli usiku bila hata kelele tutamwita mwizi hodari, ila jaribu kutamka "mwizi mwema" uone ulimi unavyosita. Yaani lugha imejua kuna kuiweza kazi na kuna kitu kingine (ingawa tunasema pia safari njema na chema chajiuza, kwa hiyo mpaka wenyewe haujanyooka sana).

Sasa kisu kazi yake tunaijua, ya mtu ni ipi? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alijibu kwamba ni kuishi kwa kutumia akili, na kuitumia vizuri. Lakini hiyo "vizuri" si ndo tuliyokuwa tunaitafuta? Maana hata yule wa kufuli akili anaitumia tena sana. Ila Aristotle hakuishia hapo, akaanza kuchambua ushujaa, ukarimu, haki, kimoja kimoja, na huko ndo mi naona amefika karibu kuliko wote, kwa sababu mkarimu wake sio anayetoa tu, anaangalia anampa nani, kiasi gani na kwa wakati gani, na anatoa bila kuumia moyoni. Kumbe na yeye aliishia kwenye mifano, ila aliitazama kwa makini kuliko sisi.