Kabla hujanunua vipimo vya saikolojia shuleni kwako, nunua pazia

Mbukwa jamani. Wiki hii wakuu wa shule watatu wamenitafuta, mmoja wa praiveti huku Ilazo, Dodoma, na wawili wa shule za kata, wote swali lao moja: madam, hivyo vipimo vya saikolojia vinauzwa wapi na bei gani? Najua swali linatokea wapi, mock imeleta madudu, au binti mmoja kaanguka "mapepo" na nusu ya bweni ikamfuata, sa mkuu anataka kipimo kama kile cha malaria, mtoto anachomwa kidole, dakika 15 jibu hili hapa.

Hamna kipimo hicho bana.

Vya kununua vipo, usiseme nakuficha. WISC kwa mfano, inapima uwezo wa akili kwa watoto wa miaka 6 mpaka 16, inakuja na begi lake zima na inauzwa kwa hela ya kigeni, na hawamuuzii kila mtu, lazima uwe na mafunzo. Ila hata ukipewa bure, alama zake zimepangwa kwa kulinganisha na watoto wa Marekani na Uingereza. Mtoto wa Bahi anaongea Kigogo nyumbani, Kiswahili kakikuta shule, Kingereza kimemvamia form one, ukimpima na kile namba utaipata ila sio yake. Na kabla ya yote hayo mpelekeni akapimwe macho na masikio, nimeletewa watoto "wazito" kibao ambao shida yao ilikua hawaoni ubao.

Mi kila siku natumia vya bure. PHQ-9 ni karatasi ya dalili za sonona, yani huzuni nzito isiyoisha, ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 mpaka 3, jumla mwisho 27, akifikisha 10 lazima nikae naye tuongee. SDQ ni ya tabia na hisia za mtoto, ina maswali 25, anajaza mzazi au mwalimu, na mtoto mwenyewe kama kakua. Gharama yake ni kopi tu. Na karatasi haisemi mtoto ana sonona, yani hapo umepiga hodi tu, ndani bado hujaingia. Maana mtoto wa kwetu hakwambii ana sonona, anakwambia kichwa kinauma, kila Jumatatu kichwa kinauma, na mwalimu wa zamu anampa panadol.

Sa niwape aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilienda shule moja (siitaji), nikawapa form three wote PHQ-9 asubuhi moja, ukumbini, madawati yamebanana wanachunguliana majibu, nikakusanya rundo nikaenda nalo nyumbani najiona mtaalamu kweli kweli. Ilikua Ijumaa. Usiku nikaanza kusoma, na swali la 9 ndo linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, nikakuta wanne wametiki. Na ni shule ya kutwa, watoto washaondoka. Jumamosi nzima mimi na mwalimu wa malezi tuko kwenye bodaboda tunawatafuta, mmoja tulimkuta geto kwake Chang'ombe anafua, akasema "nilijaza tu madam", tukakaa naye mpaka jioni na haikua amejaza tu.

Tangu hapo nachukua watoto nane kwa siku, sizidishi, na swali la 9 nalisoma mtoto akiwa bado kakaa mbele yangu. Kama huna mtu wa kumpokea anayetiki, usigawe hiyo karatasi.

Kwaiyo hela iende kwa mtu na chumba. Praiveti ni rahisi: wanafunzi 300, ukiweka 4,000 kwa muhula ndani ya ada unapata 1,200,000, inamlipa mnasihi wa kuja siku moja kwa wiki, kopi na nauli humo humo. Iwe ndani ya ada jamani, msimtoze mtoto kila akija, maana mwenye shida ndo hatokuja na mzazi atamuuliza umeenda kufanya nini huko.

Serikalini ngoma ngumu. Ruzuku ya sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, chaki, karatasi na ukarabati vinaimaliza, na mchango ni wa hiari, huwezi kumrudisha mtoto nyumbani kisa hajatoa. Mi nashauri anza na mwalimu wa malezi uliyenaye, mpunguzie vipindi, mtaaluma atanuna ila atazoea. Alafu omba wanafunzi wa saikolojia wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, waje fildi, wape nauli na chakula cha mchana, ila kesi nzito wasibaki nazo peke yao. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri halipwi na shule, na 116, simu ya watoto, ni bure, ibandikeni mlangoni.

Kuna gharama nyingine ambayo haiko kwenye bajeti, jina la Mirembe. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ipo hapa tangu 1927 na jina lishageuka tusi la mtaani, ukimwambia mzazi nampa mwanao rufaa anaruka, "kwani mwanangu wa Mirembe?" Sibishani naye, namuuliza mtoto analala saa ngapi, anakula vipi, mzazi akianza kujibu anakaa, na tukifika kwenye rufaa nampa nauli ya kwenda na kurudi, iko kwenye hesabu yangu kabisa.

Mkuu wa Ilazo kanitumia picha jana, kasafisha stoo, kaweka viti viwili na pazia la kitenge. Nimemwambia kiti cha mtoto akigeuze kiangalie ukuta, wapita njia wasimuone akilia. Jumatano naanza.