Bruce Lee Alizaliwa San Francisco

Ukitaja Waasia katika filamu mbele ya mtu aliyekulia enzi za vibanda vya video, Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, jina la kwanza kumtoka mdomoni ni Bruce Lee. Wengi wetu tulimjua kama Mchina wa Hong Kong. Hata hivyo alizaliwa San Francisco mwaka 1940, raia wa Marekani kwa kuzaliwa, na Hollywood ilipompa kazi ya kueleweka ilimpa ya usaidizi: Kato, dereva wa shujaa Mzungu katika tamthilia ya The Green Hornet (1966–67). Ustelingi wa filamu aliupata aliporudi Hong Kong. Televisheni ya Marekani ilipokuwa ikiandaa tamthilia ya Kung Fu, iliyorushwa mwaka 1972, jina lake lilijadiliwa, lakini uhusika wa mtawa wa Shaolin ukaenda kwa David Carradine, Mzungu. Desemba 1971, akihojiwa na mtangazaji wa Kanada Pierre Berton, Lee alieleza kwamba wenye fedha waliona ni hatari kibiashara, na akasema hawalaumu.

Mimi ninayefundisha historia ya filamu nawalaumu. Hoja ya hatari ya kibiashara imetumika kwa karibu miaka mia moja kuwanyima Wamarekani wenye asili ya Asia nafasi za mbele, na kila ilipojaribiwa kwa dhati haikusimama.

Watazamaji wengi hudhani mwigizaji huchaguliwa siku ya usaili. Kwa filamu kubwa, mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya siku hiyo. Mtayarishaji hutafuta fedha kwa kutaja jina ambalo wawekezaji wanalijua. Jina hujulikana kwa sababu mwenyewe amewahi kuwa stelingi. Asiyewahi kupewa nafasi hana jina, na kwa kuwa hana jina hapewi nafasi. Wanaofika kwenye usaili wanagombea yaliyobaki: muuza duka, daktari wa dakika mbili, mpiganaji anayekufa mapema.

Tazama yaliyompata Anna May Wong. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, wazazi wake wakiendesha biashara ya udobi. Akiwa na miaka 17 alikuwa stelingi wa The Toll of the Sea (1922), mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za rangi, na mwisho wa hadithi anajitosa baharini. Katikati ya miaka ya 1930 studio ya MGM ilianza kuandaa The Good Earth, hadithi ya mkulima wa Kichina na mkewe O-Lan. Wong alikuwa mwigizaji mwanamke wa Kichina aliyejulikana kuliko wote Marekani, na aliutaka uhusika huo. Lakini nafasi ya mume ilikuwa imepewa Paul Muni, Mzungu wa kupakwa vipodozi afanane na Mchina. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza mapenzi kati ya Wazungu na Weusi, na studio zililipanua katazo hilo hadi kwa Waasia. Mke wa Mzungu aliyejipaka Uchina ikabidi naye awe Mzungu aliyejipaka Uchina. Akachaguliwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Wong alitakiwa acheze Lotus, mke mdogo anayeivuruga nyumba, akakataa. Filamu ilitoka mwaka 1937 na Rainer akatwaa Oscar kwa uhusika huo.

Hapo hakuna soko lililoulizwa lolote. Kulikuwa na kanuni za studio, na nyuma yake sheria za nchi: California yenyewe ilikataza ndoa kati ya Mzungu na Mwasia hadi mahakama yake kuu ilipoitengua sheria hiyo mwaka 1948. Kanuni zilipolegea, mazoea yalibaki. Mwaka 1961 Mickey Rooney alibandikwa meno ya bandia acheze jirani Mjapani katika Breakfast at Tiffany's. Mwaka 2015, katika filamu ya Aloha, Emma Stone alicheza Allison Ng, mwanamke mwenye asili ya Kichina na ya Hawaii. Baada ya malalamiko mwongozaji Cameron Crowe aliomba radhi hadharani.

Kisa kimojawapo kinaanzia kwetu. Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair inasimulia familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ikaishia kwenye moteli huko Mississippi, ambako binti yao anapendana na Mmarekani Mweusi, Denzel Washington. Nair amesimulia hadharani kwamba alipotafuta fedha alishauriwa aweke mhusika mkuu Mzungu. Hakukubali, na Kampala tunayoiona mwanzoni mwa filamu ni Kampala yenyewe. Mwaka 2004 alianzisha jijini humo Maisha, mahali pa kuwafundishia vijana wa Afrika Mashariki utengenezaji wa filamu.

Ushauri huohuo alipewa Kevin Kwan, mwandishi wa riwaya ya Crazy Rich Asians: mtayarishaji mmoja alitaka shujaa wa kike awe Mzungu. Kwan naye alikataa. Filamu ilitoka Agosti 2018, ikagharimu takriban dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya milioni 230. Mwezi huohuo ilienea Searching, ambamo John Cho ni baba anayemtafuta binti yake kupitia kompyuta. Hakuna ngumi wala lafudhi ya kuchekesha. Ni baba tu, na familia yake ni ya Wamarekani wenye asili ya Korea. Iligharimu chini ya dola milioni 1 na kuingiza zaidi ya milioni 70.

Mafanikio hayo yasitupoteze. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walipitia filamu 1,300 zilizoongoza kwa mapato kati ya 2007 na 2019. Zenye stelingi mwenye asili ya Asia au visiwa vya Pasifiki zilikuwa 44, na 14 kati ya hizo ni za mtu mmoja, Dwayne Johnson.

Gharama ya hesabu hizo hulipwa na watu. Ke Huy Quan, mkimbizi kutoka Vietnam, alipendwa duniani kote akiwa mtoto kwenye filamu ya Indiana Jones ya mwaka 1984. Alipokuwa mtu mzima, kazi zilikauka, akahamia nyuma ya kamera na kusaidia kupanga mapigano ya filamu za wengine. Alipoona Crazy Rich Asians ndipo alipopata moyo wa kurudi kuigiza, na Machi 2023 alipokea Oscar kwa Everything Everywhere All at Once. Alikuwa na miaka 51.